Pazia la Maji na Mtungi wa Mama

Watu walipomuuliza mama yangu mimi hufanya kazi gani, jibu lake lilikuwa moja tu: "Mambo ya kompyuta." Alilitoa haraka, kisha akarudi kwenye mfereji wake wa maji. Hakuwa anadanganya, kompyuta ninayo. Lakini kazi yangu ni matangazo, na si yale ya redioni. Mimi ni mmoja wa wale wanaolipwa kufikiria namna ya kumsimamisha mtu njiani. Kampuni ya sabuni au ya majani chai inatujia, inasema watu wamechoka kuangalia mabango, nasi tunatafuta kitu kitakachowafanya wasimame, waguse, wanuse, kisha waende nyumbani wakisimulia. Tumewahi kujenga kikombe kikubwa watu wakaingia ndani wakaketi na kunywa chai humo. Tumewahi kuzungusha feni ya taa ambayo ikishika kasi huioni tena, unaona kiatu kinaelea hewani peke yake, kinageuka kukuonyesha soli. Kila kifaa kipya kinapofika, mimi macho yananitoka kama mgeni wa jiji, na sina aibu nalo. Ninaowahurumia ni wenzangu waliozoea.

Mama ni mtu wa namna nyingine. Ana kibanda cha maji Kibera, upande wa Laini Saba, ambako nilizaliwa kabla sijahamia Gatina kule Kawangware. Alitoka upande wa ziwa akiwa msichana, ambako maji hayana foleni, akaja kuketi mbele ya mfereji wenye foleni kutwa. Anajua mtungi umekaribia kujaa kwa kusikiliza tu. Anaweza kuwa amekupa kisogo, anamsuta mtu mwingine kabisa, na mkono wake utafunga mfereji kabla tone moja halijamwagika. Sikuwahi kumwona akimwaga maji. Utotoni nilipindua kikombe kimoja, na habari za kikombe hicho nilizisikia mpaka Krismasi.

Pale kibandani kuna sheria ambayo haijaandikwa popote. Unaleta mtungi wako, unauweka kwenye foleni, unaenda zako: unapika, unafua, unaenda hata kanisani. Mtungi ndio wewe. Unasogezwa mbele foleni ikisogea, lakini hakuna anayeutoa kwenye nafasi yake. Na kwa kuwa mitungi yote ni ya manjano na yote ilianza maisha ikiwa na mafuta ya kupikia, kila mtu ana alama yake. Wengine hufunga kitambaa mkononi mwa mtungi, wengine huchoma tundu la kisu moto kwenye kishikio.

Alama ya mama niliichora mimi. Nilikuwa mdogo, mchora mabango mmoja alikuwa ametuachia rangi nyekundu kidogo chini ya kopo, na mama akanipa brashi akasema nichore kitu ambacho mwizi ataona haya kukibeba. Nikachora uso. Duara, macho mawili, na mstari ulionyooka wa mdomo, nikitaka kuukunja ncha ziangalie juu. Mama akanyakua brashi. "Inatosha," akasema, "rangi si ya kuchezea." Basi uso ukabaki hivyo, haucheki wala haulii, unakutazama tu. Mitungi imebadilika miaka yote hii, na kila akinunua mpya mama huuchora uso uleule mwenyewe, na mdomo uleule.

Sasa nije kwenye pazia la maji.

Lilifika kwenye stoo yetu ya Riruta likiwa vipande ndani ya masanduku. Likiwa limezimwa halina maana yoyote. Ni bomba refu la chuma lililolazwa juu ya nguzo mbili, na chini ya bomba kuna vitundu vidogo vilivyopangwa mstari mmoja, kila kitundu na vali yake inayofunguka na kufungika upesi kuliko ukope. Chini kuna hori pana la kupokea maji, na pampu ya kuyarudisha juu. Tulitundika kitambaa cheusi nyuma, tukaweka taa pembeni. Fundi wetu, jamaa wa Kabiro ambaye hasemi maneno matatu kama mawili yanatosha, akaunganisha kompyuta yangu na kubonyeza.

Maji yakaanguka, na yalipokuwa yakianguka yalikuwa jani. Sisemi yalifanana na jani. Lilikuwa jani, na mishipa yake, limeundwa kwa matone matupu, linashuka mbele ya macho yangu, na lilipogusa hori likawa maji ya kawaida yenye kelele ya kawaida. Nyuma yake likaja jingine. Kisha viganja viwili vilivyofunguka. Kisha neno zima likashuka limenyooka, herufi zote pamoja, nikaweza kulisoma kabla halijavunjika. Vinyweleo vya mikono vilinisimama. Nimelelewa na mtu anayehangaika na maji kila siku, na najua kwamba ukiyaachia yanakwenda yanakotaka. Hapa mtu ameyaambia yaanguke yakiwa neno, nayo yametii.

"Tena," nikamwambia fundi. Akarudia. "Tena."

"Utazoea," akasema. Sijazoea hadi leo.

Siku ileile nikaanza kutamani jambo moja: mama alione pazia hili. Sikutaka anisifu, yeye si mtu wa sifa. Nilitaka tu asimame mbele yake, ashangae kama nilivyoshangaa, ajue kwamba hiki ndicho ninachofanya nikiamka asubuhi. Nilitaka mpaka ikaniuma. Kwa hiyo kampuni ya sabuni iliyolilipia ilipouliza onyesho la kwanza liwe wapi, nikadandia swali kabla halijatua chini. Kibera, nikasema. Laini Saba. Uwanja ninaujua.

Nikampigia mama simu. "Maji inaandika?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. "Inaandika ili iweje?" Nikamwambia aje ajionee. Akasema angekuja kama angepata mtu wa kumkalia kibandani. Halafu wiki ya onyesho mifereji ya upande wao ikakauka, na aliponipigia kunilalamikia, mimi nilisikia kitu kimoja tu: atakuwa na nafasi.

Asubuhi ya onyesho tuliingia uwanjani na lori la vifaa, hema refu jeusi, na nyuma yetu lori la tangi, boza la maji safi. Lilikuwa boza kubwa kuliko tulivyohitaji, kwa sababu wenye sabuni walitaka pia watu wanawe mikono. Lilishuka mteremko wa kuingia uwanjani polepole, mbele ya nyumba zote, limejaa, linadondokadondoka kwenye vali ya nyuma.

Mimi nilikuwa ndani ya hema nikifunga kitambaa cheusi. Nilipotoka nje nilikuta mitungi. Foleni ilianzia kwenye tairi la boza, ikazunguka uwanja, ikapotea kati ya nyumba. Mitungi ya manjano, yenye vitambaa, yenye matundu ya kisu, mingi haina mtu kando yake. Wenyewe walikuwa wameiweka na kwenda zao, kama kawaida. Na nani angewalaumu? Mifereji imekauka, boza limekuja. Mtu yeyote aliyekulia pale angefanya hivyohivyo. Mimi mwenyewe ningekimbia kuchukua mtungi.

Walinzi wetu hawakukulia pale. Mitungi ilikuwa imeziba mlango wa hema, kwa hiyo wakaibeba miwili miwili na kuirundika kando ya ukuta wa choo. Hawakuwa na nia mbaya. Waliona plastiki tupu njiani, wakaondoa plastiki.

Kina mama walitokea kila upande.

"Nani amegusa mtungi yangu?"

"Mathe, hapa kuna show. Songa kidogo."

"Usiniite mathe. Rudisha mtungi yangu mahali ilikuwa."

"Ilikuwa wapi sasa? Zote zinafanana."

Hilo lilikuwa neno baya kuliko yote. Kelele ilipanda. Bosi wangu, mwanamume mpole ambaye huogopa simu ya mteja kuliko simba, akanivuta mkono. Wenye sabuni wangefika mchana na mpiga picha. Akasema tupakie vitu, tuondoke kabla mawe hayajaanza. Tukipakia, mama hataona kitu, na kila nitakaporudi pale nitakuwa mtoto wa mambo ya kompyuta aliyeleta boza wakati wa kiu na kuondoka nalo.

Hapo ndipo mama akafika. Alikuwa na mtungi wake mkono mmoja na beseni la plastiki mkono mwingine, kanga imefungwa kiunoni. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi aliyekuwa juu ya boza.

"Hiyo maji ni safi?"

Fundi akashuka, akafungua vali, akakinga kiganja akanywa. Mama akaridhika.

"Ni ya nini?"

"Ni ya show."

"Na show ikiisha?"

Fundi wetu hajui kusema uongo. "Tunamwaga," akasema.

"Mnamwaga wapi?"

Akaonyesha mtaro kwa kidevu. Mama aliutazama mtaro, akalitazama boza, kisha akanitazama mimi, na wote waliokuwa wakinijua wakanitazama pia. Ilikuwa kweli. Ndivyo mpango ulivyokuwa, na mimi niliukubali mezani bila kuusikia.

Nikamgeukia bosi. Nikamwambia maji yatamwagwa jioni kwa vyovyote, basi yamwagwe ndani ya mitungi. Onyesho kwanza, maji baadaye, kila mtungi urudi mahali pake sasa hivi.

"Na wakituvamia?" akauliza.

"Mama yangu akishika foleni hakuna wa kuvamia."

Akamtazama mama akiwa amesimama na beseni lake, akaamini.

Mama alichukua kazi hiyo bila kuombwa mara mbili. Alikwenda kwenye ule ukuta wa choo na kuanza kuita mitungi kwa alama zake. Alikuwa ameipita foleni ile mapema akienda kuchukua mtungi wake, na hiyo ilimtosha. Huu wa kitambaa cha kijani ulikuwa nyuma ya ule uliochomwa. Huu wa mkono uliokatika ulikuwa mbele ya wa kamba. Pale alipokosa, kina mama wakamaliza. Foleni ikarudi ilivyokuwa, na walinzi ndio walioibeba. Mtungi wake mwenyewe, wenye uso mwekundu usiocheka, aliuweka mwisho kabisa, maana anayesimamia foleni hachoti kabla ya wengine.

Tukaanza. Sitasahau lile kundi la kwanza. Waliingia hemani wakiwa bado na hasira, wakizungumza kwa sauti, mikono kifuani. Pazia likashuka tupu, kitambaa cha maji tu, na mtu akasema kwa dharau, "Bomba imepasuka." Kisha maji yakajikata katikati, yakawa viganja viwili, vikashuka vikiwa vimefunguka. Mikono ikashuka kutoka kifuani. Likaja jani, samaki, na jina la sabuni, ambalo nadhani hakuna aliyelisoma. Mwanamke mmoja aliyekuwa amefoka kuliko wote nje alisema "Yesu" polepole, akaketi chini kwenye nyasi bandia. Mzee mmoja alizunguka nyuma ya kitambaa cheusi kumtafuta anayemwaga, akarudi, akasimama mahali pake. Watoto walinyoosha vidole kugusa samaki, na samaki akapita katikati ya vidole vyao akaendelea kuwa samaki.

Nilikuwa nimeyaona yote stoo, kwa hiyo pale niliwatazama watu. Hawa ni watu wanaopima maji kwa kikombe. Hakuna mtu Nairobi anayeyajua kama wao, na walikuwa wakiyatazama kana kwamba wamekutana nayo leo.

Kundi likitoka, jingine likaingia. Wenye sabuni wakaja, wakafurahi, mpiga picha akapiga. Na mama? Mama alikuwa mlangoni mwa hema, hatua chache tu kutoka kwenye pazia, amelipa kisogo. Alikuwa anaangalia foleni. Nyuma yake watu wanashusha pumzi, wanapiga makofi, taa zinabadilika rangi kwenye mabega yake, naye haoni kitu ila mitungi.

Nikamfuata. "Mama, geuka uone kidogo tu."

"Nikigeuka mtu atasukuma mtungi yake mbele."

"Hakuna atakayesukuma."

"Wewe umesahau watu. Nenda ufanye kazi yako."

Nikarudi kwenye kompyuta. Nilimrudia tena baadaye, akanijibu kwa mkono bila kugeuza shingo. Nikawa namtazama yule mwanamke kwa mgongo wake, ule mgongo niliobebwa nao, na nakiri nilikuwa na hasira naye kama mtoto. Watu wa mtaa mzima wameona isipokuwa mmoja, na yule mmoja ndiye niliyemletea.

Jua lilipoanza kuinama tukafunga onyesho na kufungua vali ya boza. Mama alisimama hapo na kujaza. Mtungi ukija anainamisha sikio, anafunga, anavuta mwingine. Hakuna tone lililopotea. Nilibaki hemani na fundi tukikunja nyaya, nikiisikia ile sauti ya maji kwenye plastiki, nene kisha nyembamba, niliyolala nayo utoto wangu wote.

Kisha ikabadilika. Ikakohoa, ikanyamaza. Nikatoka nje. Boza lilikuwa limekauka, na mbele ya vali ulikuwa umebaki mtungi mmoja, mtupu, wenye uso mwekundu.

"Si kitu," mama akasema. Alikuwa tayari ameuinua. "Wamepata."

"Hatujamaliza," fundi akasema nyuma yangu. "Hori bado liko na maji." Akaanza kutafuta mpira wa kuyatolea.

"Wacha mpira," nikamwambia. "Nipe dakika."

Nilikaa mbele ya kompyuta. Kuchora kwenye pazia ni kama kuchora kwenye karatasi ya hesabu, unajaza visanduku, na kila kisanduku ni tone. Nikachora duara. Nikaweka macho mawili. Nilipofika kwenye mdomo nikaukunja, ncha zikaangalia juu, kama nilivyotaka tangu siku ya rangi ile. Nikamwita mama aje na beseni, nikamwambia maji yaliyobaki yanatoka kwa juu.

Aliingia akiwa anaangalia chini, asijikwae kwenye nyaya. Akaliweka beseni ndani ya hori, akalisogeza kwa mguu likae sawa. Fundi akabonyeza.

Uso ukaanguka. Mama akainua kichwa.

Ukaanguka wa pili. Mama akarudi nyuma hatua moja na kuufungua mdomo, na mkono wake ukapanda wenyewe mpaka shavuni. Nilimwona akiutambua. Aliutazama mtungi pembeni yake, akautazama uso unaoshuka, akautazama mtungi tena.

"Hiyo si yangu," akasema.

"Ni yako, Mama."

"Si yangu. Mdomo imekaa vibaya."

Fundi akaangua kicheko, mara ya kwanza kumsikia tangu tufahamiane. Nikarudi kwenye visanduku vyangu, nikafuta zile ncha, nikaunyoosha mdomo mstari mmoja kama alivyouchora yeye mwenyewe mtungi baada ya mtungi. Nikampa fundi ishara.

Pazia likafunguka, na ule uso usiocheka wala kulia ukashuka kutoka juu ya hema, mkubwa kuliko mlango wa nyumba yetu, unang'aa, kila tone mahali pake. Ukavunjikia juu ya beseni la mama. Ukafuata mwingine. Ukafuata mwingine.

"Sasa hiyo ndio yangu," mama akasema kwa sauti ndogo.

Alisimama hapo mikono imening'inia, shingo ameiinua, na nyuso zake zikimwangukia mbele moja baada ya nyingine. Kina mama waliobaki uwanjani walikuja mlangoni, wakaona alama waliyoizoea kwenye foleni, wakasimama wakitazama. Mimi nilikuwa nalia na sikujificha. Kwenye hori, sauti ya maji ndani ya beseni ilikuwa imeshapanda, ikawa nyembamba, ikawa ile sauti anayoijua usingizini. Kisha beseni likajaa. Maji yakapita ukingo pande zote, yakamrukia miguuni, yakalowesha kanga.

"Mama," nikamwambia, "beseni imejaa."

"Naona," akasema, na macho yake yalikuwa bado juu.